Afande wa Chaki

Afande hakumruhusu mtu yeyote kukaa kwenye benchi lake. Lilikuwa mbele ya kibanda chake katika yadi ya makontena pale Jinja, limejengwa kwa vipande vya mataruma ya zamani, yale magogo mazito yanayolala chini ya reli, vimepangwa kimoja juu ya kingine bila msumari hata mmoja. Madereva waliotoka safari, migongo imewauma kweli kweli, walilitazama kwa uchu kisha wakaenda kuchuchumaa kwenye kivuli cha magurudumu yao. Mkurugenzi wetu alipokuja kutoka Kampala aliletewa kiti cha plastiki. Mimi nilifanya kazi chini ya Afande miaka sita na sikuwahi kulikalia.

Naanza na benchi kwa sababu nikianza na mwenyewe nitaanza kwa kumsifu, na yeye sifa alizichukia. Alizaliwa wapi, ukoo gani, sijui, na sitajifanya najua. Ninayoyajua ni ya yadi. Na kuna jambo lingine heri nilitoe mapema: leo kazi yake ninayo mimi, chaki yake iko mfukoni mwangu, na niliipata kwa sababu ya kosa langu ambalo yeye alilibeba. Nilinyamaza miaka minne. Msomaji alijue hilo tangu sasa, asije akadhani naandika kwa wema wangu.

Jina la Afande alibandikwa na wapakiaji. Hakuwahi kuwa askari hata siku moja. Ila upande huu wetu Kiswahili bado kinanuka kambi, na mtu akikisikia kwa sauti ya juu hutazama kwanza kama msemaji ana bunduki. Afande alikuwa na Kiswahili cha reli, alichokiokota ujanani kwa Wakenya wa treni, na alikisema kwa kila kiumbe: kwa wachuuzi wa Kisoga, kwa padri, kwa mbuzi walioingia yadini. Siku moja sokoni aliuliza bei ya fungu la nyanya. Mama wa nyanya akaanza kujaza mfuko mzima. “Chukua tu, afande. Bambi, tafadhali, chukua.” Afande akaanza kuzirudisha mezani moja moja, na kila alivyorudisha ndivyo mama alivyozidi kuogopa, mpaka ikabidi mimi niingilie kati kwa Kiganda na kumweleza kwamba huyu ni mtu wa treni tu.

Nilimuuliza njiani kwa nini hawaambii watu ukweli.

“Nikisema mimi si askari,” akajibu, “nani atageuza lori?”

Siku nyingine alikuja ofisa wa magereza, askari wa kweli, mtu mrefu wa kaskazini, kuulizia mzigo wa mablanketi. Akamsikia Afande akifoka, akapiga saluti papo hapo. Afande naye akarudisha saluti kwa mkono ule ule wenye chaki. Alishinda na mstari mweupe kwenye paji la uso mpaka jioni, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Kwa asiyeijua kazi yetu, ni hivi. Kontena hushushwa melini Mombasa, hupandishwa kwenye behewa, huvutwa hadi mpakani Malaba, huvuka, huja Jinja. Hapo kreni hulinyanyua na kuliweka juu ya lori, na lori humalizia njia iliyobaki hadi ghala la mwenye mali. Anayeijua ramani atacheka, maana mizigo ya Mbale ilipita Tororo, karibu kabisa na kwao, ikaja mpaka Jinja, ndipo ikarudishwa mashariki kwa barabara ya Tirinyi. Sababu ni moja tu: kreni tuliyokuwa nayo sisi ilikuwa Jinja. Wafanyabiashara wa Mbale walipolalamika, Afande aliwajibu kwamba kutangulia si kufika, akaendelea kunywa chai.

Kilichomnyima usingizi ni milango. Kontena lina mlango upande mmoja. Kwenye treni tunayapanga mlango kwa mlango, yabanane, ili mwizi asipate nafasi ya kufungua. Kwenye lori sharti mlango uwe nyuma, kwa sababu ukiwa mbele unabanwa na kichwa cha lori na haufunguki ng’o. Sasa katika kila treni nusu ya milango inatazama Kampala na nusu inatazama Malaba, na kreni yetu haizungushi kitu. Hunyanyua na kushusha, basi. Kinachozunguka ni lori. Lazima liingie kwa geti la mashariki au la magharibi kulingana na mlango ulikotazama, na mtu wa kreni, kule juu kwenye kibanda chake, haioni milango iliyobanana.

Kwa hiyo kabla ya kontena kunyanyuliwa, Afande alitembea kando ya treni, akaingiza mkono kwenye ule mwanya kati ya kontena na kontena, akapapasa komeo, kisha akachora mshale wa chaki ubavuni ukielekea mlangoni. Alichora upande huu, akazunguka, akachora na upande wa pili. Mtu wa kreni alifuata mshale, dereva alifuata mtu wa kreni. Madereva walinung’unika kuzungushwa yadi nzima kwa ajili ya chaki, lakini walizunguka.

Chini ya mshale aliandika jina. Hapo ndipo mimi karani nilipopata taabu, kwa sababu hakutaka jina la kampuni.

“Karani, nani nangoja hii?”

Nilimsomea jina la kampuni lililoandikwa kwenye karatasi.

“Hapana kampuni. Kampuni hapana lala njaa. Mtu.”

Basi nilipiga simu Mbale, nikauliza na kuuliza, mpaka nipate binadamu. Ndiyo maana makontena yetu yalitoka Jinja yameandikwa “Hajji wa vitenge” au “Mwalimu wa madawati, Namakwekwe.” Kuna moja lilikuwa na makochi, na katika kuuliza nikaambiwa mwenye duka anamwoza binti yake Jumamosi na baadhi ya makochi ni ya kwake. Afande akaandika “Bibi harusi anangoja.” Wapakiaji waliacha chai yao. Trafiki wa Iganga, tulivyosikia baadaye, alilisimamisha lori, akasoma, akalifungulia njia mwenyewe. Yale makochi yalifika Alhamisi.

Vifaa vya kisasa Afande hakuvichukia, wala hakuviogopa. Walipotufungia mitambo ya kufuatilia mizigo, kontena likawa linaonekana kwenye simu tangu Mombasa, kitone cha bluu kikitambaa. Mkurugenzi akamwonyesha kwa fahari. Afande akaitazama simu kwa karibu mno, pua ikikaribia kugusa kioo.

“Simu najua kontena iko wapi,” akasema. “Lakini hajui mlango natazama wapi.”

Ile ya pua kwenye kioo tuliicheka, tukasema mzee hajui simu. Vilevile tulicheka herufi zake. Mwaka nilioanza kazi ziliingia chini ya kiganja. Mwaka wa nne zilikuwa na urefu wa mkono. Tukasema ni majivuno ya uzee, kila mwaka anajitangaza zaidi. Mwenye macho haambiwi tazama, alipenda kusema hivyo yeye mwenyewe, hasa kwa dereva aliyegonga pipa akirudi nyuma, nasi tulikuwa na macho na hatukutazama.

Malori aliyadharau. Kwake barabara ilikuwa ni mahali pa watu wasio na subira. Alitembea kwa miguu kutoka Walukuba hadi yadini, mvua inyeshe, jua liwake, na ukimpa lifti alijibu, “Mimi hapana panda lori,” hata kama ulikuwa na gari dogo. Pamoja na hayo, rafiki yake wa chanda na pete alikuwa dereva wa lori. Huyo ni Wekesa, Mkenya wa Bungoma, mnene, mwenye maneno mengi, aliyetubebea mizigo ya Mbale. Walitukanana kila asubuhi kabla ya salamu. Wekesa akichelewa siku moja, Afande huenda getini mara tano, akirudi anasema alikwenda kutazama kama geti limetiwa mafuta.

Sifa yake ilikuwa neno moja tu, “Safi.” Alilitoa kwa nadra kiasi kwamba mpakiaji aliyeambiwa safi alikwenda kuwasimulia nyumbani. Mimi katika miaka sita nililipata mara moja, na mara hiyo ndiyo iliyoniponza.

Kulikuwa na kikundi cha akina mama wakulima wa kahawa wenye ghala Malukhu, pale Mbale, mwenyekiti wao Mama Nambozo. Walikuwa wameagiza mashine mpya za kumenya kahawa mbivu, baada ya zile za mkono kwisha meno. Kahawa ikishachumwa haingoji. Isipomenywa kufikia siku ya pili inachacha, inaharibika harufu, na mnunuzi anageuza uso. Mama Nambozo alinipigia simu kila siku kwa wiki mbili. Treni ilipovuka Malaba, mimi kwa furaha nikamwambia, “Kesho saa sita mchana mashine ziko mlangoni kwako.” Kwa neno langu hilo wakapanda mlimani na kuchuma.

Asubuhi ile Afande alinitazama, akatoa chaki ya pili mfukoni, akaniwekea kiganjani.

“Leo wewe,” akasema. “Mimi upande huu, wewe upande ile.”

Hakuwahi kumpa mtu chaki. Nilimwona akipapasa komeo, akachora mshale wake kuelekea kulia. Nikazunguka behewa hadi upande wa pili, nikachora wangu, mnyoofu, wenye kichwa kizuri, kuelekea kulia. Chini yake nikaandika kwa mwandiko wa shule, “Mama Nambozo, Malukhu.” Mtoto mdogo anajua kwamba ukizunguka kitu kulia kwako kunakuwa kushoto. Mimi pia nilijua, ila mkono ulikuwa unanakili na kichwa kilikuwa kinafurahi.

Afande akaja, akasimama nyuma yangu. Akautazama mshale wangu kitambo kirefu.

“Safi,” akasema.

Mtu wa kreni siku hiyo alikuwa upande wangu. Akafuata mshale wangu, akamwambia Wekesa aingie kwa geti la mashariki, na kontena likashushwa juu ya trela, mlango ukitazama kichwa cha lori. Walipaswa kuona watu watatu, Wekesa mwenyewe, mlinzi wa geti na mimi mwenye karatasi. Lakini kwa mshale wa yadi ile nani alikuwa bado anatazama milango? Tulikuwa tumeshauamini miaka na miaka. Saa mbili Wekesa akapiga honi, akaondoka.

Simu ya kwanza ilikuwa ya Wekesa. “Karani, kuna mambo huku. Mlango imeangalia kebini. Haifunguki hata kidogo.” Kabla sijamjibu ikaingia ya Mama Nambozo.

“Nnyabo, dada yangu, rori imefika, lakini mlango iko kwa kichwa! Kahawa iko hapa chini, gunia na gunia. Tulivuna kwa maneno yako. Sasa tumenye na meno?”

Nikamweleza Afande. Mbale hakukuwa na kreni tuliyoweza kuipata siku hiyo, na kulirudisha lori Jinja na kulipeleka tena kungemaliza siku nzima na kahawa yote. Nilitegemea afoke, ningefarijika. Badala yake akanyanyuka kwenye benchi lake, akainama, akachukua kipande cha juu cha taruma, akakiweka chini. Akachukua cha pili.

“Leta pikapu,” akasema. “Na jeki kubwa. Mbili.”

Wapakiaji walisimama midomo wazi wakimtazama anavyolibomoa benchi. Kisha wakakimbia kumsaidia.

Ndivyo Afande alivyosafiri kwa barabara. Alishika mbele ya gari kwa mikono miwili, akafumba macho, na kila tulipoingia kwenye shimo aliuliza, “Tumefika?” Aliuliza Iganga, akauliza Namutumba. Mimi sikuwa na nafasi ya kucheka. Nilikuwa nimekaa nikichora kwa kidole gotini, mshale upande huu, mshale upande ule, na kufikia Tirinyi nilikwisha kujua kosa ni la nani.

Malukhu tulikuta akina mama wamekaa juu ya magunia ya kahawa nyekundu, nyuso zimewashuka. Wekesa anazunguka lori lake. Na fundi wa kuchomea vyuma, kijana mchangamfu wa Namakwekwe, amekwisha kutega mitungi yake ya gesi nyuma ya kontena.

“Tunapasua hapa nyuma, afande,” akasema. “Dakika kumi tu.”

“Hii kontena ya wenyewe,” Afande akamjibu. “Ukipasua, utarudisha Mombasa na kiraka?” Kisha akamgeukia Wekesa. “Kwa nini hukutoa kichwa?”

“Nitoe kichwa aje, Afande? Mguu moja ya trela imepinda tangu mwaka juzi. Nikitoa kichwa trela inaanguka na uso.”

“Watu wa lori,” Afande akasema, akitikisa kichwa. “Nyinyi nafikiri kichwa na mwili ni kitu moja. Sisi watu wa reli kila siku natoa kichwa.”

Akapanga benchi lake chini ya shingo ya trela, vipande viwili hivi, viwili vikikatiza juu yake, kama wanavyopanga kuni za kuuza, hadi vikagusa chuma. Alivipapasa kwa viganja, kimoja kimoja, akisukuma na kusikiliza. Jeki zikanyanyua kidogo. Wekesa akachomoa mipira ya breki, akavuta pini, akaingia kebini akiomba Mungu kwa Kibukusu. Kichwa cha lori kikasogea mbele taratibu, trela ikashuka kidogo, mataruma yakalia, yakanyamaza. Mlango wa kontena ukabaki wazi mbele ya macho yetu, hakuna kinachoubana.

Mama Nambozo ndiye aliyeanza kigelegele. Mashine zilishushwa kwa mbao na kamba jua likiwa bado juu, na ya kwanza ilipowashwa, maganda mekundu yakaanza kurukaruka, Wekesa akamkumbatia Afande akamnyanyua kutoka ardhini. Afande alipiga kelele ashushwe. Kahawa haikuchacha.

Mataruma hatukurudi nayo, kwa sababu trela ilibaki imelala juu yake hadi mguu ule utengenezwe. Kwa hiyo mkurugenzi alipokuja wiki iliyofuata alimkuta Afande amesimama, hana pa kukaa. Aliuliza nani alichora mshale. Afande akamwonyesha daftari la yadi. Alikuwa ameandika kwa herufi zake kubwa, ukurasa mzima: “Kosa ya yadi. Yadi ni mimi.”

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo.

“Karani,” Afande akasema bila kunigeukia, “lete chai ya mgeni.”

Nami nikaenda kupika chai. Niliipika polepole sana, nikasubiri ichemke mara mbili, na niliporudi mambo yalikuwa yamekwisha. Mkurugenzi alikuwa amesema labda muda wa mzee kupumzika umefika, na mzee alikuwa amekubali, kwa sharti moja, kwamba chaki apewe karani. Mwisho wa mwezi ule Afande alihamia Malukhu, kwa ndugu wa mkewe. Mtu wa reli akaenda kuzeekea mji usio na treni.

Sitadanganya kwamba nilikonda. Nililala, nilikula, nilipandishwa cheo. Lakini kila nilipochora mshale nilizunguka behewa mara mbili, mara tatu, na kila nilipomaliza nililisikia lile “safi” nyuma yangu na aibu ikanipanda hadi masikioni. Nilimtumia Afande salamu na sukari kupitia kwa Wekesa. Wekesa alirudi na salamu, na habari kwamba mzee anakaa nje kutwa, anangoja reli ya Mbale ifufuliwe. Nilifyata ulimi miaka minne.

Mwaka huu akina mama wa Malukhu waliagiza mashine nyingine, kikundi kimekua. Kontena likapita kwenye mikono yangu. Wekesa aliponiambia, “Twende basi ukamwone mzee mwenyewe, wacha kunituma sukari kila siku,” nikapanda lori.

Nyumba yake iko nyuma ya ghala lile lile. Nje kuna benchi. Akina mama walikuwa wamemletea vipande vyote, mmoja baada ya mwingine, vichwani mwao, naye amevipanga vile vile bila msumari. Alikuwa amekaa juu yake na miwani mpya usoni.

“Mulembe, Afande,” nikamwamkia kwa salamu ya huku.

“Karani! Umenenepa,” akasema, nami nikajua kuna kitu kimebadilika, maana alisema hivyo nikiwa bado getini.

Madaktari wa macho walikuwa wamekuja Mbale, akaniambia, wakamtoa mtoto wa jicho kulia na kushoto. Sasa anauona mlima mpaka miti yake. Alisimulia kwa furaha hivi kwamba nikaona nisipolitoa sasa sitalitoa tena. Nikamwambia nikiwa nimesimama, mikono nyuma kama mwanafunzi. Kwamba mshale ule ulikuwa wangu. Kwamba alichora sawa, mimi nikakosea. Kwamba nilijua tangu Tirinyi, na nikapika chai.

Afande alinisikiliza hadi mwisho.

“Mimi nilizunguka ile siku,” akasema. “Nilisimama nyuma yako. Nilisema nini?”

“Ulisema safi.”

“Na niliona nini?”

“Mshale wangu.”

“Niliona weupe, karani. Weupe kwa ukuta, kama unga imemwagika. Mshale yako sikuona. Mshale yangu pia sikuwa naona, miaka miwili, nilikuwa nachora na kupapasa komeo. Kwa nini nilikupa chaki? Nilitaka macho yako. Nilikuwa naogopa kusema. Nikisema Afande haoni, kesho sina yadi.” Akavua miwani, akaipangusa kwa shati. “Kama ningekuwa naona, ningekwambia geuza, na basi. Kosa ilikuwa yangu. Niliandika ukweli kwa daftari.”

“Sasa mbona hukuniambia, Afande? Miaka minne!”

“Wewe ulikuwa naniogopa vizuri. Nilitaka ubaki hivyo.” Akanitazama sawasawa. “Na wewe mbona hukuniambia?”

Wekesa, aliyekuwa anasikiliza akijifanya anakagua tairi, ndiye aliyepasuka kicheko kwanza. Kisha Afande, kisha mimi, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka, maana nilikuwa nimebeba mzigo ule kutoka Jinja hadi Malukhu bila kujua kwamba mwenzangu anabeba ule ule upande wa pili. Nilimpenda mzee yule siku ile kuliko siku zote.

Akasogea akanipa nafasi kwenye benchi. “Kaa.” Nikakaa. Lilikuwa gumu vibaya sana.

Hatukukaa sana. Alinyanyuka akaliendea lori, akapita upande wa kulia, akausimamia mshale wangu. Akazunguka nyuma, akaugusa mlango, akapita upande wa kushoto, akausimamia na ule wa pili. Nilikuwa na cheo na miaka kumi ya kazi, na bado nilimfuata nyuma kama mtoto wa shule. Nilimtazama macho. Yaliufuata mstari wa chaki toka mwanzo hadi ncha.

“Safi,” akasema.

Kisha akainama, akashusha miwani puani, akaanza kusoma jina chini ya mshale, silabi kwa silabi, midomo ikicheza. Ma-ma. Nam-bo-zo. Akageuka amekunja uso.

“Nani ameandika hii?”

“Mimi, Afande.”

“Herufi kama siafu!” Sauti ilisikika hadi ndani ya ghala, na kijana aliyekuwa anapita na baiskeli akashuka akasimama wima. “Andika kubwa, karani. Hapana watu yote wametolewa mtoto wa jicho.”

Siku hizi naandika kubwa.